Msimlaumu Lonnie Smith, ile mechi aliichukua Jack Morris

Kila Oktoba, fainali za besiboli ya Marekani zikikaribia, kuna kipande cha video lazima kitarudi. Lonnie Smith wa Atlanta Braves yuko karibu na beisi ya pili, moja ya vituo vinne anavyozunguka mkimbiaji, amesimama, anageuza shingo huku na huku kama mtu aliyedondosha kitu gizani, na mpira uliopigwa na mwenzake uko kule mbali karibu na ukuta, yaani muda ule yeye angetakiwa awe anakata upepo kwenda nyumbani, ile beisi ya mwisho ya kuingizia pointi, bila kuuliza chochote. Na maneno yanayofuata ni yale yale miaka yote, huyu ndo aliyeipoteza World Series, yaani fainali ya ubingwa, ya 1991.

Mi sikubali. Ile mechi nimeirudia mara nyingi kuliko mechi nyingine yoyote ya besiboli na kila nikimaliza nabaki na jibu moja: Smith alikosea, kosa la wazi kabisa, ila si yeye aliyeimaliza mechi. Baada ya kosa lake Atlanta bado walikuwa na watu beisi ya pili na ya tatu, hakuna auti hata moja (zikifika tatu ndo zamu ya kupiga inaisha), na wanaokuja kupiga ni wale wa katikati ya safu, namba tatu, nne na tano, watu wanaolipwa kwa kazi hiyo hiyo ya kuwaleta wenzao nyumbani. Ukiwa na hali hiyo timu nyingi zinaondoka na pointi moja angalau, mara nyingi mbili. Wao waliondoka na sifuri. Sasa hiyo sifuri ilitoka wapi? Hapo ndo uchambuzi unatakiwa uanzie, lakini watu wengi wanaishia pale kwa Smith.

Kwa ambao hawaijui, tuanze mwanzo kidogo. Ni tarehe 27 Oktoba 1991, uwanja wa Metrodome pale Minneapolis, mechi ya saba na ya mwisho ya fainali, Minnesota Twins na Atlanta Braves wametoshana tatu kwa tatu. Timu zote mbili mwaka 1990 zilishika mkia kwenye divisheni zao, alafu mwaka mmoja baadaye ziko fainali. Kila timu ilikuwa imeshinda kwake. Watu 55,118 ndani ya uwanja wenye paa, kelele hazina pa kutokea, zinagonga juu na kurudi chini. Matokeo ya mwisho ni moja bila, na hiyo moja yenyewe ilipatikana iningi ya kumi (iningi ni raundi, kila timu inapata zamu moja ya kupiga), maana iningi tisa za kawaida ziliisha ubao unasoma sifuri kwa sifuri.

Na hapa nataka watu waelewe kitu. Hawa Braves walioshindwa kupata hata pointi moja ndo hao hao siku tatu kabla walishinda 14 kwa 5. Kumi na nne! Wapigaji ni wale wale, magongo ni yale yale. Kilichobadilika ni mtu aliyesimama kwenye kilima, kile kituta anachosimama mrushaji.

Mtu huyo ni Jack Morris, mrushaji wa Twins, alikuwa na miaka 36, mzaliwa wa St. Paul, mji pacha wa Minneapolis kabisa, kwa hiyo alikuwa anarusha nyumbani kwao. Alishawahi kuchukua ubingwa na Detroit mwaka 1984, akaja Twins kwa mkataba wa msimu ule. Mechi ya kwanza ya fainali alianza yeye, ya nne alianza yeye, na hii ya saba tena yeye, kila mara kapumzika siku tatu tu katikati. Silaha yake kubwa ilikuwa ule mpira anaoushika kwa kuupanua kati ya vidole viwili, unatoka mkononi kama mpira wa kasi wa kawaida, mpigaji anaanza kuzungusha gongo, alafu karibu na nyumbani unazama kama umekatwa kamba. Kutoka kwenye kilima mpaka nyumbani ni mita 18 na kitu, mpira wa kasi unatumia kama sekunde 0.4 kufika, maana yake mpigaji anaamua kabla hajajua anachoamulia. Mrushaji mzuri anaishi humo, kwenye huo muda wa mtu kuamua bila taarifa kamili.

Dalili zilionekana mapema, iningi ya tano, na hii sehemu watu hawaizungumzii kabisa. Mark Lemke wa Atlanta alifika beisi ya kwanza, akasogezwa ya pili kwa banti, ule upigaji wa kuugusa tu mpira udondoke karibu, alafu Smith huyo huyo naye akapiga banti akafika salama. Watu beisi ya kwanza na ya tatu, auti moja. Terry Pendleton akaupaisha mpira juu, ukadakwa kirahisi. Ron Gant akatolewa kwa straiki ya tatu, yaani mpira mzuri wa tatu asioupiga, akiwa ameganda anautazama mpira unapita. Ukiangalia pale unaona mtu ambaye hababaiki watu wakikaribia nyumbani kwake, na iningi tatu baadaye, ya nane, mtihani ule ule ukarudi ukiwa mgumu mara mbili.

Iningi ya nane sasa. Smith anaanza kwa kufika beisi ya kwanza. Pendleton yuko kwenye kupiga na Smith anaondoka mbio mapema, mpira haujafika hata. Pendleton anaukandamiza mpaka katikati ya watu wawili wa nje, upande wa kushoto. Smith hajauona mpira umeenda wapi. Wale wawili wa Minnesota wa pale katikati, Chuck Knoblauch na Greg Gagne, wanaigiza kama wanacheza mpira uliopigwa chini. Smith anapunguza, anasimama, anatafuta, anashtuka, anakimbia, anaishia beisi ya tatu. Angekuwa ameangalia tu mara moja kule mpigaji aliko asingesimama, hilo halina ubishi na hata mi sitaki kulitetea.

Lakini sasa tulia uangalie kinachofuata, usizime video. Gant anakuja, na kwa mtu wa kasi kama Smith aliyeko beisi ya tatu hata mpira wa juu wa kawaida tu unatosha, ukidakwa mbali Smith anakimbia nyumbani na Atlanta wanaongoza. Morris hakumpa mpira wa kuupaisha. Alimlazimisha augonge kidogo kidogo chini, kwa Kent Hrbek beisi ya kwanza, auti, na waliokuwa kwenye beisi hawakuweza hata kusogea. Hiyo kwangu ndo rusha muhimu kuliko zote za usiku ule, kuliko hata za iningi ya kumi, kwa sababu baada ya auti hiyo ndo Twins wakapata nafasi ya kupanga.

Kocha Tom Kelly akaenda kwenye kilima, wakazungumza, wakaamua David Justice apewe beisi ya kwanza bure kwa makusudi. Beisi zote zimejaa. Kwa mtu asiyeujua mchezo hiyo inaonekana wazimu, unaongezaje mtu wakati unahofia pointi? Ila hesabu iko hivi: beisi zikijaa, mpira ukipigwa chini unaweza kumtoa mtu nyumbani bila hata kumgusa, alafu ukamtoa mpigaji beisi ya kwanza, wawili kwa mpira mmoja. Na aliyekuwa anakuja ni Sid Bream, mzito wa mbio, magoti yake yalishachoka. Mpango wote unategemea kitu kimoja tu, kwamba mrushaji anaweza kuagiza mpira upigwe chini na ukapigwa chini. Bream akaugonga chini kwa Hrbek, Hrbek akarusha nyumbani kwa Brian Harper, Smith ametoka, Harper akaurudisha kwa Hrbek, Bream ametoka. Iningi imeisha.

Kwa hiyo ukiniambia Smith ndo kaipoteza, nakuuliza, Gant je? Bream je? Na mi siwarushii lawama hao pia, maana huo ndo ugonjwa wenyewe ninaoupinga. Tukiona timu haijafunga tunatafuta nani kazembea upande wa kupiga, kama vile mrushaji ni mashine ya kutolea mipira na mpigaji ndo pekee anayefanya maamuzi. Kwenye mechi za pointi chache mara nyingi ni kinyume chake. Mrushaji ndo mtu pekee uwanjani anayeanza mchezo, wengine wote wanajibu. Mpigaji akionekana mzembe jiulize kwanza nani kamfanya aonekane hivyo.

Kingine kinachonikera ni jinsi John Smoltz, mrushaji wa Atlanta usiku ule, anavyosahaulika kwenye simulizi hii. Miaka 24, mtoto wa Michigan, aliyekua akiwa shabiki wa Detroit na kumtazama Morris kama mfano wake, Detroit wenyewe wakamuuza kwa Atlanta mwaka 1987 ili wampate mrushaji mkongwe Doyle Alexander. Na sasa amesimama kilima kimoja na yule yule aliyekuwa anamwigiza utotoni, naye pia kapumzika siku tatu tu, wanabadilishana sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri. Smoltz alirusha iningi saba na auti moja bila kuruhusu pointi. Alitolewa iningi ya nane Minnesota wakiwa na mtu beisi ya kwanza na mwingine ya tatu, auti moja, akaingia Mike Stanton, wakampa Kirby Puckett beisi bure, alafu Hrbek akaupiga mpira laini wa hewani ulioenda moja kwa moja kwa Lemke, aliyeudaka na kukanyaga beisi ya pili, wawili chini. Yaani ndani ya iningi moja pande zote mbili zilijaza beisi zote tatu na pande zote mbili zikatoka mikono mitupu kwa mpira mmoja uliotoa watu wawili. Sijaona iningi nyingine ya namna hiyo kwenye mechi ya saba ya fainali na sidhani kama nitaiona.

Smoltz hakushinda, hakushindwa, kwenye rekodi hana kitu. Kwenye besiboli hiyo inatokea, mtu anarusha kama malaika alafu wenzake hawampi hata pointi moja ya kulinda. Mfano mkali kuliko wote ni wa Harvey Haddix wa Pittsburgh, tarehe 26 Mei 1959, aliwatoa wapigaji 36 mfululizo wa Milwaukee, iningi 12 nzima hakuna mtu hata mmoja aliyefika beisi, akaja kupoteza moja bila iningi ya 13. Na mpinzani wake Lew Burdette siku hiyo alipigwa mipira 12 safi (mpigaji anapiga na kufika beisi) lakini hakuruhusu pointi, akashinda. Sasa nani alirusha vizuri zaidi? Haddix, hakuna mjadala. Nani alishinda? Burdette. Ndo maana kusema mechi "iliamuliwa na warushaji" lazima uende taratibu, warushaji wanaweza wakaibana mechi mpaka ikawa nyembamba kama uzi, ila uzi ukikatikia wapi hiyo si mara zote iko mikononi mwao.

Turudi Minneapolis, iningi ya tisa. Morris anawatoa watatu kwa mpangilio. Twins nao wanawaweka wawili kwenye beisi bila auti na bado hawapati kitu, Shane Mack anaugonga chini, wawili wanatoka, nafasi inayeyuka. Sasa Kelly anamfuata Morris kwenye benchi kumwambia basi, umemaliza kazi, umefanya makubwa. Morris hakutaka kusikia. Kelly akamwangalia, akamwacha.

Hapa ndo naona tofauti kati ya besiboli ile na ya sasa, na nataka niongee kwa haki maana watu wa takwimu wana hoja. Inajulikana kwamba wapigaji wakimwona mrushaji yule yule mara ya tatu kwenye mechi moja wanampiga vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza, wameshasoma mipira yake, na mkono wake nao umeshachoka. Hiyo ni kweli, si maneno ya vijiweni. Kwa hesabu hiyo, Morris iningi ya kumi, siku tatu za kupumzika, miaka 36, ulikuwa ni upuuzi. Alipomkabili Pendleton kwenye auti ya mwisho ya iningi ile, Pendleton alikuwa anamwona kwa mara ya tano. Mara ya tano! Na akamtoa, na Smith kabla yake akamtoa, watatu kwa mpangilio tena. Rusha 126 kwa usiku mmoja, iningi 10, amepigwa mipira saba safi, pointi hakuna.

Sasa weka pembeni ya hiyo mechi ya sita ya fainali ya 2020, na angalia tarehe, 27 Oktoba, siku ile ile miaka 29 baadaye. Blake Snell wa Tampa Bay anawaongoza Dodgers moja bila, iningi ya sita, amerusha mara 73 tu, amepigwa mipira miwili, amewatoa tisa kwa straiki. Wapigaji watatu wa juu wa Dodgers, Mookie Betts, Corey Seager na Justin Turner, alikuwa amekutana nao mara sita kwa jumla na mara zote sita wametoka kwa straiki. Kocha Kevin Cash akaja kumtoa kwa sababu Betts alikuwa anakuja kwa mara ya tatu. Akaingia Nick Anderson, Betts akapiga akafika beisi ya pili, dakika chache baadaye Dodgers wanaongoza, mechi ikaisha 3 kwa 1 na ubingwa ukaenda Los Angeles.

Ningeweza kuishia hapo nikaonekana nimeshinda hoja, lakini kuna Pedro Martinez, mrushaji wa Boston. Mwaka 2003, mechi ya saba ya kugombea kwenda fainali, Boston wanaongoza Yankees 5 kwa 2 iningi ya nane, Pedro amechoka anaonekana amechoka, kocha Grady Little akamwamini akamwacha, Yankees wakasawazisha, na iningi ya 11 Aaron Boone akapiga mpira ukatoka nje ya uwanja, Boston kwaheri. Little alifanya alichofanya Kelly, na kikamgharimu kazi. Kwa hiyo sisemi mrushaji aachwe siku zote. Ninachosema ni kwamba takwimu ya mara ya tatu inazungumzia warushaji wote wakichanganywa pamoja, na usiku mmoja una mtu mmoja tu mbele yako. Pedro mipira yake ilikuwa inapigwa kwa nguvu iningi ile ile, kila mtu aliona. Snell hakuna aliyekuwa anamgusa. Morris iningi ya tisa alimaliza haraka, kwa rusha chache, bila mtu kufika beisi. Kocha anatakiwa aangalie hicho, mpira unatokaje mkononi sasa hivi, wapigaji wanarudi benchi wakiwa na uso gani. Kelly aliangalia hicho. Cash, kwa maoni yangu, aliangalia karatasi aliyoiandaa kabla ya mechi.

Na kuna wanaosema mechi za moja bila zinachosha, watu wanataka mipira iruke nje. Viongozi wa mchezo wenyewe wamewahi kuogopa hilo, baada ya msimu wa 1968 ambao mrushaji Bob Gibson alimaliza na wastani wa kuruhusu pointi 1.12 kwa kila iningi tisa waliteremsha kilima kutoka inchi 15 hadi 10 ili wapigaji wapumue. Na tangu 2020 mechi za msimu wa kawaida zikienda iningi ya kumi timu inapewa mtu beisi ya pili bure ili mambo yaishe haraka. Namshukuru Mungu kwenye mtoano hawajaipeleka hiyo, ndo maana 2022 tuliweza kuona Houston na Seattle wakienda iningi 18, saa sita na dakika 22, watu 42 wametolewa kwa straiki, mpaka Jeremy Peña alipoupiga mmoja ukatoka nje na ikaisha moja bila. Kwenye mechi ya 14 kwa 5 unaweza ukaenda kunywa maji ukarudi hujakosa kitu. Kwenye hii ya 1991 kila rusha kuanzia iningi ya tano ilikuwa na uwezo wa kuwa ya mwisho yenye maana, na wachezaji walijua, ukiwaangalia nyuso unaona wanajua.

Iningi ya kumi, nusu ya pili, zamu ya Twins kupiga. Alejandro Peña ndo anarusha kwa Atlanta. Dan Gladden anavunja gongo, mpira unadondoka sehemu isiyo na mtu kule nje upande wa kushoto, na badala ya kutosheka na beisi ya kwanza anakaza mpaka ya pili. Hii nayo ukitaka linganisha na Smith, mmoja aliendelea kukimbia mwingine akasimama, sawa, nakubali. Knoblauch anamsogeza kwa banti mpaka ya tatu. Puckett anapewa beisi bure, Hrbek anapewa beisi bure, ule ule mpango wa Kelly wa iningi ya nane, jaza beisi uombe mpira wa chini. Safari hii walinzi wa nje wa Atlanta ilibidi wasogee karibu sana maana mpira wa juu wa mbali ungemaliza kila kitu. Gene Larkin, goti bovu, anatoka benchi kuja kupiga, rusha ya kwanza kabisa anaupaisha juu ya vichwa vyao.

Mpango ulikuwa sahihi. Peña alihitaji mpira mmoja wa chini kama ule Morris alioupata kwa Bream, na hakuupata. Gladden akaikanyaga nyumbani kwa miguu yote miwili, na pale pale alikuwa anasubiriwa na Morris, amevaa koti, mkono wake wa kulia ukiwa umemaliza kazi dakika chache tu zilizopita na kama Peña angeupata ule mpira wa chini, kwa jinsi alivyokuwa usiku ule, nadhani angerudi kwenye kilima iningi ya kumi na moja.